Liache Geti Ulivyolikuta

Jumapili asubuhi Glenys Tulloch alikuwa anawakaangia wageni mayai, mmoja wao akasema neno lililomfanya asahau kijiko ndani ya mafuta.

"Halafu Glenys, juzi tuliwasaidia kidogo," alisema Julian huku anapaka mkate siagi. "Lile geti la juu, kwenye njia ya baiskeli. Kuna mtu alikuwa ameliacha wazi kabisa. Tukalifunga."

"Na mnyororo tukapitisha," akaongeza mkewe, Sonali. "Ng'ombe walikuwa karibu pale, tukaogopa watatoka."

Glenys hakugeuka. "Juzi lini?"

"Ijumaa. Tulivyofika tu. Tukasema tupande mlima kidogo kabla jua halijawa kali."

Ijumaa jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Jumamosi redio ilisema digrii arobaini na moja, na mji mzima wa Mittabel ukajifungia ndani, mapazia chini, feni zinazunguka. Wageni ndio waliofurahi. Walishinda mtoni wamejilaza kwenye maboya yao, bia mkononi, wakipiga picha milima na kuambiana jinsi hewa ya huku ilivyo safi.

"Yameshaiva hayo?" Julian akauliza kwa adabu, maana moshi ulikuwa umeanza.

"Yameiva." Akawapakulia. Chini yalikuwa meusi. "Kuleni. Bekoni ile pale. Nakuja sasa hivi."

Akatoka kwa mlango wa nyuma na aproni yake, akatembea taratibu mpaka akalipita dirisha la jikoni. Walipokuwa hawawezi kumwona tena, akakimbia.

Vern, mume wake, alikuwa bandani, amelala chali chini ya mashine ya kufungia majani makavu. Miguu tu ndiyo ilionekana.

"Vern. Geti la juu limefungwa."

"Halijafungwa. Nimelifungua mwenyewe Alhamisi."

"Limefungwa tangu Ijumaa. Hawa wageni walilikuta wazi wakalifunga."

Vern akajivuta kutoka chini ya mashine, akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. Hakutukana. Ndilo lililomtia Glenys hofu, maana Vern Tulloch alikuwa anatukana hata akipoteza kofia.

Lambo la juu lilikuwa limekauka tangu Krismasi, limebaki tope lililopasuka. Ndiyo maana alilifungua geti. Ng'ombe wakae juu kwenye majani, wakisikia kiu washuke wenyewe mtoni, wanywe, wapande. Kazi haikuhitaji mtu. Kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi Vern alikwenda kwa jirani, Kinsella, kumfungia majani kabla upepo haujageuka. Hakuwakagua ng'ombe. Ya nini, na geti liko wazi?

"Washa pikapu," alisema.

Pikapu ilikuwa na tangi la maji mgongoni na pampu yake, kama pikapu zote za bonde hili wakati wa kiangazi, kwa ajili ya moto. Wakapanda mlima mbio.

*

Kwanza waliona kunguru.

Ng'ombe walikuwa wamejisukuma kwenye geti, wote, wale wekundu wenye nyuso nyeupe, mbavu zinapanda na kushuka. Ulimi wa mmoja ulikuwa nje, umekuwa mnene. Kutoka pale getini mto unaonekana vizuri kabisa. Unaona hata maboya ya wageni, ya rangi ya waridi na njano. Siku mbili walisimama pale wanautazama.

Waliokufa walikuwa chini ya miguu ya wenzao. Tisa, na ndama wanne.

Na juu ya geti kibao kiko palepale, babu yake Vern ndiye aliyekipigilia: LIACHE GETI ULIVYOLIKUTA.

Glenys akanyoosha mkono kwenye mnyororo. Vern akamshika.

"Ukiwafungulia wanakwenda mtoni wanakunywa mpaka wanakufa. Wote."

"Sasa?"

"Tuwanyweshe kidogo kidogo. Kutoka kwenye tangi. Wanakunywa, tunawaondoa, wanasubiri, wanakunywa tena." Akatazama waya wa ua. Pembeni ya geti nguzo mbili zilikuwa zimelala kwa kusukumwa. "Huo waya hautakaa. Nahitaji watu wa kusimama hapo."

Watu wakaja bila kuitwa. Binti yao Tegan alikuwa ameona pikapu inavyokimbizwa, akapanda na baiskeli yake. Nyuma yake Julian na Sonali, na helmeti zao, wanahema. Walidhani kuna moto.

Julian aliona. Akashuka kwenye baiskeli akaiacha ianguke.

"Wewe ndiye uliyefunga?" Vern alimuuliza.

"Nilidhani nasaidia."

"Kibao hukukisoma?"

"Nilikisoma. Nilidhani waliopita mbele yetu ndio hawakukisoma."

Jibu lile lilikuwa na akili. Hilo ndilo lililomuudhi Vern zaidi.

"Shika hili bomba la plastiki," alisema. "Simama pale nguzo zilipolala. Ng'ombe akija, mpige puani. Ukikimbia, nitakuvunja mguu."

"Vern," alisema Glenys. Kwa sauti ya chini. Wageni hawa walikuwa wamelipia mpaka Jumatano.

"Nimesema nitamvunja mguu, mama. Sijasema nitamdai."

Wakaanza. Glenys kwenye pampu, Vern na Tegan ndani pamoja na ng'ombe, wageni wawili kwenye waya. Hori la maji lilijazwa kidogo, watatu wakanywa, wakaondolewa kwa kelele na fimbo, wengine watatu. Wale walioondolewa walilia. Siyo mlio wa ng'ombe wa kila siku. Ni mlio ambao Tegan, mwenye miaka kumi na tisa na aliyekulia kati ya ng'ombe, hakuwahi kuusikia. Akawa anafanya kazi huku machozi yanamtoka na hajifuti.

Ilipofika mchana ng'ombe mmoja mkubwa alikuja moja kwa moja kwenye waya. Julian akampiga puani. Ng'ombe hakusimama. Julian akaruka pembeni, ng'ombe akapita, wawili wakamfuata mbio, vumbi, mpaka mtoni. Wageni kwenye maboya walipiga kelele za furaha. Walidhani ni maonyesho.

Sonali hakuruka. Mdogo yule, wa ofisini, alijitupa kwenye pengo na bomba lake akapiga kelele kwa lugha ya mama yake, ng'ombe wa nne akasita, akageuka.

"Huyu naye ni nani?" Vern alimuuliza mkewe.

"Anafanya kazi benki."

"Aa." Akamtazama tena. "Benki gani?"

Wale watatu wa mtoni walikunywa walivyotaka. Kabla jua halijazama walikuwa wamelala wanatupa miguu. Vern alikwenda kuchukua bunduki, na alipopita karibu na Julian hakumwangalia.

*

Kesho yake Julian alibisha hodi jikoni, mabegi yameshaingia kwenye gari.

"Tumeona bora tuondoke mapema. Tusiwasumbue." Alikuwa anamwangalia Glenys kwenye mabega. "Niambie ni kiasi gani. Wale ng'ombe. Siwezi kulipa yote mara moja, lakini."

Vern alikuwa mezani na chai yake. "Yule mkubwa uliyemkwepa," alisema, "alivyozaliwa alitanguliza miguu ya nyuma. Nilimtoa kwa mikono yangu, usiku, mvua. Piga hesabu hiyo kwanza, halafu tuongee za wengine."

Julian akatoka. Sonali alibaki mlangoni kidogo, mikono yake ina malengelenge.

"Samahani," alisema.

"Wewe nenda salama, dada," Vern akamjibu. Na alimaanisha.

Gari lilipofika barabarani, Vern alichukua kufuli kubwa la ghalani, akapanda mlimani. Alifungua geti, akalifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo likiwa wazi, ng'ombe wapite. Halafu akavuta seng'enge ya miba kukata njia ya baiskeli pande zote mbili. Kwenye ubao akaandika kwa rangi nyekundu: NJIA IMEFUNGWA. ARDHI YA MTU. Akashuka.

"Mpaka lini?" Glenys aliuliza.

"Mpaka nife."

Ijumaa ya wiki hiyo ndipo mashindano ya baiskeli yanaanza. Kila mwaka Januari, wikiendi ya sikukuu, Mittabel inajaa. Njia inapita msituni juu, inakatiza kwa Tulloch, inashuka mtoni. Hakuna pengine pa kupita. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni genge.

Na siyo mashindano tu. Lile zizi la zamani la kukamulia, Glenys mwenyewe alilipaka chokaa, akaweka vitanda, akaweka mapazia ya maua, miaka saba sasa. Watu wa Melbourne wanalala pale kwa sababu baiskeli inatoka mlangoni inapanda mlima. Bila njia, nani alale kwenye zizi? Na bila zizi, ng'ombe peke yao hawailishi nyumba hii, hawajailisha tangu ukame ule mrefu. Kinsella alishauliza mara mbili kama wanauza. Aliuliza kwa upole sana, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

Vern alijua yote hayo. Alikuwa anakula chakula cha jioni akiyajua.

*

Jumanne Glenys alikwenda mjini. Mji wenyewe ni barabara moja: baa, posta, duka la baiskeli, duka la mikate la Trudy lenye viti vya rangi nje, ambavyo wageni wanavipenda sana na watu wa hapa hawavikalii.

Alipoingia, maneno yalikatika. Wanawake wawili wakageukia keki kama vile hawajawahi kuziona.

"Habari Glenys," alisema Trudy. "Pole sana na ng'ombe. Pole sana, sana."

"Asante. Nipe mikate miwili ya kawaida."

"Nimeagiza unga wa Ijumaa. Wa mara tatu." Trudy alikuwa anafunga mikate polepole. "Sikulaumu wewe. Nasema tu. Unga umeshafika. Na kitu kama hicho hakirudishwi."

"Najua."

"Vern yukoje?"

"Yuko kama Vern."

Ndipo akauona mkebe. Ulikuwa pale kwenye kaunta, karibu na mashine ya kulipia. Mkebe wa maziwa ya unga, umetobolewa kifuniko, umebandikwa picha ya ng'ombe iliyotolewa kwenye mtandao, siyo hata ng'ombe wa aina yao, ng'ombe wa madoa meusi na meupe anacheka. Chini yake: TUWASAIDIE AKINA TULLOCH.

Uso wa Glenys ukapata joto mpaka masikioni.

"Nani kaweka hiki?"

"Craig. Wa klabu ya baiskeli. Ameweka na mwingine baa. Amefanya kwa nia nzuri, Glenys."

Glenys akauchukua mkebe, akautikisa. Sarafu. Akageuza kifuniko akamwaga kwenye kaunta. Dola chache, kifungo cha koti, na sarafu moja ya Nyuzilandi.

"Mrudishie kila aliyeweka," alisema. "Hiki kifungo ni cha koti la Merle, nalijua, na mwenyewe yuko hapo. Merle, kifungo chako."

Merle, mmoja wa wale wanawake wa keki, hakugeuka.

Glenys alibeba mkebe mtupu na mikate yake, akavuka barabara, akaingia duka la baiskeli. Craig Dunstan alikuwa amepiga magoti anajaza tairi upepo. Mtu mzuri, Craig. Mwenye meno meupe, anajua majina ya watoto wa kila mtu. Alikuja kutoka pwani miaka kumi iliyopita na bado anasema "sisi wa bondeni."

"Glenys, afadhali umekuja," alianza. "Nilitaka nije kwenu lakini nikaona nimwache Vern apoe."

"Hapoi. Hii njia ulipotuomba, ulisema nini?"

"Nilisema mengi."

"Ulisema klabu itajenga kivuko cha vyuma juu ya shimo. Pembeni ya geti. Baiskeli zipite juu ya vyuma, ng'ombe waogope kukanyaga, na mgeni asiguse geti hata kwa kidole. Ulikaa jikoni kwangu, ukala keki ya ndizi, ukasema hivyo."

Craig akaweka pampu chini. "Tuliomba hela halmashauri. Wakasema mwaka ujao. Mwaka ujao wakasema mwaka ujao."

"Na wewe ukanyamaza."

"Vern hakuuliza tena. Nilidhani kile kibao kinatosha. Kila mtu anajua kibao kile."

"Kila mtu wa hapa." Glenys akaweka mkebe juu ya kiti cha baiskeli mpya. "Mtu wa hapa akikuta geti wazi anajua mwenye geti ana sababu. Mtu wa mjini akikuta geti wazi anadhani mwenye geti ni mjinga. Sisi tumekaa miaka yote tunauza vitanda kwa watu hao, halafu tumewaacha ng'ombe wetu walindwe na kibao cha babu."

"Sasa unataka nifanye nini? Ni Jumanne. Watu mia tatu wanakuja Ijumaa."

"Vyuma unavyo?"

"Viko vipande vya reli, nyuma, vya ule mgodi wa zamani. Tulikuwa tuweke kama mapambo."

"Vilete kwangu kesho. Na huo mkebe asiuone tena mtu."

*

Nyumbani, Tegan alikuwa kwenye meza ya jikoni na simu yake. Yeye ndiye aliyewatengenezea tangazo la vyumba kwenye mtandao.

"Mama, wawili wamefuta. Wale wa Geelong na yule wa kila mwaka. Wanasema wamesikia njia imefungwa." Akatelezesha kidole. "Na Julian ameandika maoni."

"Soma."

"'Mahali pazuri sana, wenyeji wakarimu, kifungua kinywa kizuri ingawa mayai yaliungua. Kwa bahati mbaya kulikuwa na tukio la kusikitisha kuhusu mifugo. Nyota tatu.'"

Glenys alikaa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na Tegan akamwangalia kwa wasiwasi, halafu naye akashindwa. Vern akaingia na viatu vya tope akawakuta hivyo.

"Kuna nini?"

"Tumepata nyota tatu, baba."

Hakucheka. Akanawa mikono kwenye sinki. "Mie nimeshinda siku nzima nazika ng'ombe. Nyinyi mnacheka."

"Kaa, Vern," alisema Glenys.

"Nasikia kutoka hapa."

"Craig analeta reli kesho. Tunajenga kivuko. Njia inafunguliwa Ijumaa."

"Haifunguliwi."

"Wageni hawatagusa geti tena. Geti linakuwa lako peke yako. Unalifunga unavyotaka, unalifungua unavyotaka, unalipiga kufuli unavyotaka."

"Mama, sikiliza. Wale wanyama waliuona mto. Siku mbili. Kwa sababu mtu mmoja na kaptura ya kubana alitaka kupanda kilima changu kwa raha zake. Sitaki raha ya mtu kwenye ardhi yangu tena. Basi."

"Na ardhi yenyewe itakuwa yako mpaka lini bila hiyo raha?"

"Tutaona."

"Tumeshaona. Kinsella ameshaona, anatungoja tu."

Vern akafunga bomba kwa nguvu. "Mimi sikuwaua."

Hakuna aliyekuwa amesema kwamba yeye ndiye.

Glenys angeweza kuliacha. Wameoana miaka ishirini na sita, alijua kabisa ni maneno gani ya kuyaacha. Akayasema.

"Julian alifunga geti. Craig hakujenga kivuko. Mimi niliwapa vyumba. Na wewe, joto la arobaini na moja, siku mbili, hukupanda kuangalia. Ulikuwa unamfungia Kinsella majani."

"Geti lilikuwa wazi."

"Ndiyo. Lilikuwa wazi."

Vern akachukua kofia yake akatoka. Tegan alikuwa amejikunja kwenye kiti chake.

"Mama, hiyo ilikuwa kali."

"Najua. Leta mkate tule."

*

Jumatano Craig alishusha reli nje ya zizi, akaondoka haraka kabla Vern hajarudi. Alhamisi asubuhi, kabla joto halijaamka, Glenys alipakia beleshi, sururu na mtaimbo kwenye pikapu, akavaa kofia ya Vern ya zamani na glavu za bustani zenye maua, akapanda mlimani. Tegan alitaka kwenda naye, akamkatalia. Kuna mgeni mmoja aliyebaki, alisema, na mtu lazima amkaangie mayai. Safari hii yasiungue.

Ardhi ya kule juu wakati wa kiangazi ni kama sufuria. Sururu iliruka. Alipiga, ikaruka, akapiga. Mpaka jua linapiga bonde la pili, alikuwa na shimo la kumwogeshea kuku. Akanywa maji, akaendelea. Ng'ombe waliobaki walikuja wakasimama mbali kidogo wanamtazama, wanatafuna.

Alijua hatamaliza. Reli zenyewe asingeweza kuziinua peke yake, ni mbili tu alizoweza kuziburuta kwa pikapu. Lakini alikuwa ameamua kwamba kesho Vern akija kuwafukuza watu hapa atamkuta mke wake ndani ya shimo, na itabidi amfukuze yeye kwanza, na aone kama anaweza.

Wapanda baiskeli wawili wa mapema walitokea msituni, wameuona ubao mwekundu wamesimama.

"Vipi mama, njia imefungwa?"

"Leo imefungwa. Kesho iko wazi."

"Ubao unasema ardhi ya mtu."

"Mtu mwenyewe ni mimi," alisema Glenys. "Rudini mlikotoka."

Wakageuza baiskeli. Aliketi ukingoni mwa shimo lake akala ndizi. Hapo ndipo akasikia injini ya pikipiki ya shambani, ile ya magurudumu manne, inapanda polepole. Hakugeuza kichwa. Akasimama akashika sururu.

Vern alizima injini. Akakaa juu ya pikipiki muda mrefu, mikono kwenye usukani. Glenys akapiga. Sururu ikaruka.

"Unachimba mahali pabaya," alisema Vern.

Akapiga tena.

"Mvua ikija maji yote ya kilima yatajaa humo. Ng'ombe watatembea juu ya tope kama barabara."

"Nionyeshe mahali pazuri."

Hakuonyesha. Akashuka, akaenda mpaka nguzo ya kona, akaipiga teke, akarudi. Akatazama shimo, akatazama reli mbili pale chini.

"Na jembamba. Ndama ataruka hilo bila hata kufikiri."

"Sawa. Upana gani?"

"Unaniuliza mimi?"

"Kwani kuna mtu mwingine hapa anayejua ndama?"

Vern akavua kofia, akajikuna kichwani, akaivaa. Kule chini kwenye mto boya moja la waridi lilikuwa linazunguka taratibu na mtu amelala ndani yake. Vern akaliangalia kwa chuki ya kweli.

"Sitawasalimia," alisema. "Kesho. Wakipita wapite, mimi simsalimii mtu."

"Hakuna aliyekuomba usalimie."

"Na Craig atanilipa ng'ombe. Klabu yake. Kwa mdomo wake alisema kivuko na hakujenga. Kila mwaka mashindano yakiisha, analeta hela ya ng'ombe, mpaka waishe. Siyo kwa mkebe."

"Nitamwambia."

"Nitamwambia mwenyewe."

Akaenda kwenye pikipiki, akafungua sanduku la nyuma. Akatoa kamba ya kupimia, vigingi, na nyundo. Vilikuwa vimeshapangwa humo tangu nyumbani. Glenys aliona, akachukua beleshi.

Vern alipiga kigingi cha kwanza hatua chache juu ya shimo lake, mahali ardhi inapoinuka, akafunga kamba, akaivuta mpaka nguzo, akachuchumaa kuangalia kama imenyooka. Akapiga cha pili. Shimo lote alilochimba Glenys tangu alfajiri lilibaki nje ya kamba.

"Hili je?" alisema Glenys, anaonyesha.

"Hilo fukia. Ng'ombe atavunjika mguu."

Akachukua mtaimbo, akatemea mate viganja, akausimika katikati ya kamba kwa uzito wake wote. Udongo ukapasuka. Akauinua tena.

"Kina kiasi gani?" Glenys aliuliza, beleshi mkononi.

Vern akamtazama, kutoka glavu zake za maua mpaka viatu.

"Mpaka kiunoni kwako."

"Kwangu au kwako?"

"Kwako. Tukienda na changu hatumalizi leo."

"Basi chimba," alisema Glenys, "acha kunipima."